Mwanga Uliopita Kioo Cheusi

"Baba, zima hiyo mashine," mke wa fundi alisema kutoka chumbani.

Mashine ilikuwa imezimwa. Umeme wenyewe ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mtaa mzima, hata redio ya kinyozi iliyokuwa haijawahi kunyamaza tangu dunia iumbwe ilikuwa kimya.

Fundi mwenyewe, ambaye mtaani walimwita Cheche kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, alikuwa mlangoni pa karakana akiliangalia geti aliloacha nusu. Karakana na nyumba vilikuwa kitu kimoja: mbele mageti na nondo, nyuma kitanda, mke na kichanga. Na huyu fundi usimchukulie poa. Geti lake mwizi akiliona anatubu, anarudisha na vya jirani. Masikio yake yalikuwa yamezoea kelele hivi kwamba radi ikipiga anauliza nani anabisha hodi. Lakini sauti ya mkewe aliisikia, kwa sababu haikuwa na kitu ndani yake. Haikuwa ya hasira, haikuwa ya kuomba. Mtu anayesoma bei ukutani ana hisia zaidi ya ile.

"Umeme hakuna, mama. Mashine gani?"

"Sijui. Inanipiga cheche tu. Zima."

Akaingia. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani, uso ukutani.

"Cheche ziko wapi?"

"Pale. Na pale. Nikigeuza jicho zinanifuata."

Fundi akacheka, akaona hilo analijua. Mtu akiangalia moto wa kuchomelea bila kinga, macho yanawasha kama yamemwagiwa mchanga. Yeye yalishampata wakati anajifunza kazi, akatoa machozi ambayo jirani angeweza kufulia mapazia. "Jana ulikuja karakana ukaangalia moto. Si nilikwambia usiangalie?"

"Labda," akasema mkewe.

Basi akamtibu kifundi: akakata kiazi kibichi, akambandika vipande machoni, akafunga pazia, akamwambia alale. Akarudi kwenye geti lake ameridhika, daktari mzima.

Mle chumbani kitu kikapata giza, kikapata utulivu, kikapata mtu aliyelala ambaye hakuna wa kumsumbua. Hayo ndiyo kiliyokuwa kinayataka.

Kesho yake pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole. Miguu ilikataa hata ndala za mumewe, na fundi ana mguu wa kukanyaga mitaa miwili kwa mpigo. Ukiibonyeza, kidole chako kinaacha shimo, na shimo linabaki palepale kama linasubiri mtu. Uso ukajaa mpaka macho yakawa mistari. Majirani wakija wanasifia: "Uzazi umemkubali, ona alivyonawiri!" Yeye anaitikia tu. Kichwa kilikuwa kinamuuma, akameza vidonge vya maumivu, kichwa kikavila kikaomba vingine. Chini ya mbavu za kulia, alisema, kuna mtu ameweka goti.

"Na nani anagonga nyundo nyuma ya ukuta?" akauliza.

Fundi akazunguka nyuma ya nyumba. Hakukuwa na mtu, kulikuwa na ndoo. Akarudi. "Anagongaje?"

Mkewe akagonga kwa kidole kwenye mbao ya kitanda. Ko. Ko. Ko. Fundi akainama kumsogezea mto, mkono wake ukagusa shingo ya mkewe, na pale shingoni mshipa ulikuwa unapiga sambamba na kile kidole, ko, ko, ko, kwa nguvu ya kumsukuma mkono.

Aliutoa mkono taratibu, kama mtu aliyeuweka kwenye mfuko wa mwenzake.

Dada yake fundi, aliyekuja kumsaidia wifi yake kumwogesha mtoto, alikuwa amesimama mlangoni anaona yote. Huyu dada ana mdomo wa kusikika nchi ya tatu, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Kaka, njoo. Hilo ni jini."

"Ni moto wa kuchomelea, umemchoma macho."

"Moto wa wapi, umeme hakuna tangu jana? Nina mganga wangu, anatoa majini hata kwa simu. Likiwa sugu, anatumia spika."

"Ngoja," akasema fundi. "Nitakuonyesha kama si moto."

Akaenda karakana akachukua kofia yake ya kuchomelea, ile ya kuficha uso wote, yenye kioo cheusi mbele. Kioo hicho hakina mchezo. Ukikivaa saa sita mchana jua linabaki tone, na mkono wako mwenyewe huuoni. Akarudi chumbani, akamvisha mkewe kofia.

"Haya, sasa unaona nini?"

Chini ya ile kofia pumzi ilikuwa inaingia na kutoka.

"Bado zipo," akasema mkewe.

"Zipo wapi?"

"Huku ndani. Pamoja na mimi."

Fundi alishika chuma cha moto maisha yake yote wala hakuwahi kuogopa, lakini sasa akawa amesimama pale anaangalia kile kioo ambacho hakuna mwanga wa dunia hii unaokipita bila kunyang'anywa nguvu, na ndani yake mkewe anaangalia kitu kinachowaka, hapigi kelele, halii, anakitazama kama mtu anayetazama mvua, na nje mtoto wa jirani anacheka, na kwenye shingo ya mkewe nyundo inaendelea kugonga.

"Nimpigie mganga?" dada akanong'ona.

"Mganga wako atalikuta limeshamaliza kula. Kinachogonga kiko kwenye mshipa, na mishipa ni ya hospitali. Beba mtoto."

Hospitali, karani wa mapokezi akauliza bila kuinua uso: "Anaumwa nini?"

"Kichwa," akajibu fundi.

"Kaeni pale."

Wakakaa. Mkewe akaegemea ukuta, macho wazi, hayaangalii kitu. Dada akavumilia kidogo, halafu ule mdomo ukafunguka kwa sauti yake yote: "Kichwa gani, kaka? Sema ukweli! Ana jini, linamwonyesha cheche hata ndani ya kioo cheusi, na wiki iliyopita tu katoka kujifungua!"

Benchi zima likahama upande wa pili. Nesi aliyekuwa anapita akasimama.

"Nani kajifungua?"

Hakusubiri jibu mara mbili. Alimwingiza, akamfunga kitambaa mkononi, akajaza upepo, akasoma presha. Alikuwa ameanza kumtania dada kuhusu jini. Utani ukaishia hapo.

"Mia na themanini na nane, kwa mia na ishirini," akamwambia daktari, kwa sauti ndogo.

Na lile jini, likijua limepimwa, likajitokeza: mgongo wa mgonjwa ukapinda, meno yakabana, mikono na miguu ikaanza kutikisika kitanda kizima kikalia chuma kwa chuma, na fundi aliyezoea mlio huo aliusikia kwa mbali kama unatoka karakana ya mtu mwingine, akaona wanamlaza mkewe ubavu, wanamwekea hewa, wanamchoma sindano ya dawa kwenye mshipa, akaona yote, na miguu yake haikwenda mbele wala nyuma.

Kisha kutikisika kukakoma. Baadaye sana mkewe akasema, "Nasikia joto. Mwili mzima."

"Ni dawa hiyo," akasema nesi. "Inazuia degedege."

"Kwa hiyo si jini?" dada akauliza.

"Ni presha ya uzazi. Inakuja hata mtoto ameshatoka, hata kama mimba nzima ilikuwa safi, mpaka wiki sita. Kichwa kisichosikia dawa, kuona cheche, uso kuvimba, maumivu chini ya mbavu, pumzi kukata. Ukiona hata kimoja, njoo hapo hapo, na neno la kwanza mlangoni liwe 'nimejifungua'. Wifi yako umemwokoa wewe na mdomo wako."

Dada akajivuna akajaa mlango.

"Ila ukitaka liite jini," nesi akaongeza. "Hili linaogopa kupimwa."

Walirudi nyumbani na vidonge na mashine ndogo ya kupimia presha. Uvimbe ukashuka, pete ikatoka. Kila jioni fundi anampima mkewe, anampa dawa, halafu, kwa kuwa haamini mashine asiyoitengeneza yeye, anamvisha na ile kofia.

"Unaona nini?"

"Giza."

Ndilo neno tamu kuliko yote aliyowahi kusikia. Kila jioni, giza.

Mpaka jioni moja akaingia kutoka karakana na haraka ya kazi, akaanza na kofia kabla ya mashine.

"Unaona nini?"

Pumzi ikaingia. Pumzi ikatoka.

"Giza," akasema mkewe.

Lakini alikuwa amekawia kujibu. Fundi hakuuliza tena. Alishaanza kumfunga kitambaa mkononi, na dada, bila kuambiwa, alikuwa ameshambeba mtoto.