Jua la Alhamisi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Robi alifagia ua, akachota maji, kisha akamchemshia baba yake chai ya rangi. Baba yake, Mzee Mwikwabe, alikuwa fundi wa mitumbwi pale Makoko, mjini Musoma. Alikunywa chai akiwa ameinamia redio ndogo, na akifungua kinywa basi ni kubishana na hiyo redio.

"Sikia uongo huo," alisema. "Eti maji ya bomba yamefika kila mtaa. Mtaa gani? Binti yangu anabeba ndoo kutoka ziwani kila siku."

Kisha alichukua nyundo na pamba yake ya kuzibia mianya, akaondoka. Robi alibaki na kimya cha nyumba.

Walikuwa wamehamia Makoko mwaka uliopita wakitokea kijiji kimoja upande wa Kiabakari, baada ya mama yake Robi kufariki. Mama aliugua ghafla, na siku hiyo gari la wagonjwa lilikuwa limechukuliwa kuwapeleka wakubwa mkutanoni. Mzee Mwikwabe hakulisahau jambo hilo, na sioni wa kumlaumu.

Mama ndiye aliyekuwa akisikiliza maswali ya Robi. Robi aliuliza kila kitu. Kwa nini mwezi unamfuata mtu anapotembea? Picha za katuni zinachezaje? Nani anaiambia simu cha kufanya? Mama hakuwa na majibu mengi, lakini alicheka na kusema, "Haya, ukijua uje unifundishe." Sasa mama hayupo, ila simu yake yenye kioo kilichopasuka ilibaki kwa Robi. Baba alimwekea bando dogo kila alipoweza, naye Robi akawa anasoma humo mambo ya kila namna. Akajua kwamba programu ya kompyuta ni amri zilizopangwa moja baada ya nyingine. Akajua jinsi setilaiti inavyoitazama dunia kutoka juu, na namna studio zinavyonyoosha sauti ya mwimbaji aliyekosea noti. Alijua kidogo cha kila kitu, lakini hakuwa na wa kumweleza.

Shuleni haikuwa afadhali. Kompyuta zililetwa na wageni wa heshima, kwa ngoma na hotuba ndefu, kisha zikafungiwa stoo kwa sababu darasa halikuwa na umeme. Mwalimu Revocatus alikuwa na wanafunzi wengi mno; Robi aliponyoosha mkono, alimwambia, "Baadaye, Robi," na hiyo baadaye haikufika. Wenzake nao walimpa jina.

"Redio Mbao!" Dotto alipaza sauti wakati wa mapumziko. "Leo unatangaza nini? Kuku ana meno?"

Darasa zima likacheka. Robi akaenda kula muhogo wake peke yake nyuma ya stoo.

Alisikilizwa mahali pamoja tu: mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Jioni alikwenda kumngojea baba yake, na hapo aliwakuta wanawake wakigeuza dagaa walioanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani. Miongoni mwao alikuwamo Hasna, dada mmoja mcheshi aliyetoka Bunda. Hasna hakuwa na dagaa wake. Kazi yake ilikuwa kulinda dagaa wa mchuuzi mmoja, Mama Eliasi: kuwafukuza yangeyange na kunguru, na kufunika kwa turubai mvua ikija. Aliimba siku nzima nyimbo za mwimbaji mmoja wa redioni aliyempenda.

"Dada Hasna," Robi alimwambia siku moja, "huyo mwimbaji wako sauti yake imenyooshwa na kompyuta."

"Acha uchokozi, mdogo wangu! Hilo ni koo la Mungu."

"Kweli. Kuna programu. Akikosea, inamrudisha."

Hasna alicheka mpaka akaketi mchangani. "Basi na mimi nitafutie hiyo programu, maana mimi hapa hata kunguru wananikimbia."

Tangu siku hiyo Robi alikuwa na rafiki. Na alipomwonyesha Hasna programu ya hali ya hewa, yenye picha ya jua au ya wingu kwa kila siku, habari zikaenea mwalo mzima. Wanawake wakaanza kumwita. "Robi, njoo! Mbingu inasemaje?" Walimwita Robi, si Redio Mbao. Mtoto akajiona ameota mbawa.

Ikafika Jumamosi moja ya katikati ya giza. Giza ndivyo wavuvi wanavyoziita siku ambazo mwezi hauonekani, nao huingia ziwani na taa kuvutia dagaa. Mitumbwi ilirudi asubuhi imejaa. Mama Eliasi alinunua mzigo mkubwa kuliko kawaida yake, wakauanika, akamwachia Hasna akaenda sokoni.

Jua liliwaka. Hasna akayatazama maturubai yake, akakunja pua.

"Yananuka haya, yanawaambukiza dagaa harufu. Nilitaka niyafue leo nikayaanike kule juu kwenye mawe. Robi, mdogo wangu, mvua ipo?"

Robi akafungua simu. Picha ya jua, duara la njano safi kabisa. Lakini chini yake palikuwa na maandishi madogo, nayo yalisema habari hiyo ni ya Alhamisi. Robi alielewa mara moja. Bando lilikwisha Alhamisi jioni, na programu ile ikikosa mtandao haipati habari mpya; inaonyesha tu kile ilichopata mara ya mwisho. Kwa hiyo ya leo hakuijua.

Angeweza kusema, "Sijui." Lakini Matrida, mwanamke mwenye maneno kuliko wote pale, alikuwa ameshaacha kazi yake akisubiri. Wengine wawili nao walinyanyua vichwa. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Robi aliona kwamba akisema hajui, watageuza vichwa na kuendelea na shughuli zao.

"Hakuna mvua," alisema. "Jua mpaka jioni."

"Umesikia mtaalamu!" Matrida akasema. Hasna akakusanya maturubai, akayafua ziwani, akayapeleka juu kwenye mawe.

Mvua ilikuja kabla ya adhuhuri. Ilitokea upande wa kisiwa cha Rukuba, nyeupe kama pazia, ikitanguliwa na upepo. Wanawake walikimbia na kupiga kelele. Wenye maturubai karibu walifunika. Hasna alipanda mbio hadi kwenye mawe, akashuka akiburuta turubai lililolowa, zito kama mzoga wa ng'ombe, akateleza, akaanguka, akainuka. Alipofika, dagaa wa Mama Eliasi walikuwa wanaelea kwenye madimbwi pamoja na mchanga.

Mama Eliasi alirudi kutoka sokoni mvua ikiwa imekatika. Hakupiga kelele. Aliinama, akachota dagaa kwa kiganja, wakamponyoka kama uji.

"Hasna. Maturubai yalikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeyafua, mama. Robi aliniambia mvua hakuna."

Mama Eliasi akageuka. "Wewe mtoto, ulimwambia hivyo?"

"Simu ndivyo ilivyosema," alijibu.

Hakuwa amedanganya. Lakini alijua pia kwamba hakuwa amesema kweli yote.

"Hizo simu!" Matrida akadakia. "Zinakulaga pesa zetu tu."

"Mimi sikuiajiri simu," Mama Eliasi alisema. "Nilimwajiri mtu wa kufunika. Hasna, chukua vitu vyako. Kesho usije."

Hasna hakubishana. Alikwenda ukingoni kunawa mchanga, akanawa muda mrefu kuliko mchanga ulivyohitaji. Robi akamfuata.

"Dada, utakwenda wapi?"

"Bunda, kwa kaka yangu Muharami. Nikakae tena pale pembeni ya jiko, niwe naombaga hata sabuni kwa mke wake." Akajaribu kutabasamu. "Usilie, si kosa lako. Ni simu."

Maneno hayo yalimchoma Robi kuliko kama angetukanwa. Alikimbia hadi kwao. Baba yake alikuwa ameshafika, anakausha vifaa vyake, naye habari alikuwa amekwisha kuipata.

"Unaona sasa!" Mzee Mwikwabe alianza. "Kabla ya uchaguzi walikuja hapa wakapima mwalo kwa kamba. Wakasema watatujengea vichanja vya kuanikia dagaa, na paa juu. Wakapiga picha. Viko wapi? Watu wanaanika chini kama wanaanika mavi ya ng'ombe. Mvua ikija, anafukuzwa kazi maskini."

"Ni kweli, baba," Robi alisema haraka. "Ni makosa yao. Wangejenga vichanja, dagaa wasingelowa. Na mtandao nao. Na bando. Yote ni makosa yao."

Mzee Mwikwabe hakuzoea mtu kukubaliana naye upesi namna hiyo. Alimtazama binti yake usoni.

"Robi. Kuna nini kingine?"

Ndipo Robi akalia. Akamweleza baba yake yale maandishi madogo chini ya picha ya jua. "Yalisema ni ya Alhamisi. Niliyaona, baba. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wananisikiliza."

Mzee Mwikwabe aliketi juu ya kigoda. Mara hii hakuigusa redio. Labda aliona kwamba ndani ya nyumba hiyo, tangu mama aondoke, mtoto alikuwa hasikilizwi na yeyote, hata na yeye.

"Vichanja ni kazi yao," alisema. "Hilo nitawaambia mpaka nizikwe. Lakini simu ulikuwa umeishika wewe. Simu yenyewe ilikiri kwamba habari yake imechacha. Haikuficha. Aliyeficha ni nani?"

"Mimi."

"Haya, vaa ndala twende, kabla huyo dada hajapanda gari."

Walimkuta Hasna akifunga kanga zake kwenye kifurushi, na Mama Eliasi akichambua dagaa. Jua lilikuwa limerudi. Robi alisimama mbele ya wanawake wote, akasema kila kitu kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa sauti kubwa kwa sababu Matrida alisema hasikii.

"Kwa hiyo ulijua kwamba hujui?" Mama Eliasi aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mchana nilipokuuliza, ukaitupia simu."

"Ndiyo, mama. Dada Hasna aliniamini mimi. Usimfukuze."

Mama Eliasi alipumua kwa nguvu. Hasira yake haikuisha. Mzigo wa siku nzima ulikuwa umeharibika, na maneno mazuri hayakaushi dagaa. Alimtazama Hasna. "Kuyapeleka maturubai yote mbali kwa mara moja lilikuwa kosa, tusidanganyane. Lakini kufukuzwa kwa neno la nusu, hapana. Weka kifurushi chini." Kisha akamgeukia Robi. "Na wewe utakuja kugeuza dagaa na Hasna kila ukitoka shule, mpaka giza hili liishe. Walioharibika watakwenda kwa wenye kuku. Hawa wengine tuwasuuze, tuwaanike upya."

Hasna hakumkumbatia Robi wala hakucheka. Alikuwa akimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Baadaye akamsukumia karai. "Suuza," alisema. Hilo tu. Robi akasuuza. Hata Mzee Mwikwabe alikunja suruali, akaingia majini na beseni, jambo lililowafanya wanawake wakonyezane.

Walifanya kazi bila mazungumzo, mpaka Matrida aliposhindwa kuvumilia kimya.

"Haya, Redio. Hivi kwa nini hawa dagaa wanafuataga taa? Taa inawapa nini?"

Robi akafungua kinywa. Majibu mawili matatu yalimjia, yote ya kubahatisha. Akafunga kinywa, kisha akakifungua tena.

"Sijui," alisema.

Hakuna aliyegeuza kichwa kumdharau. Matrida alikuna shingo. "Hata mimi sijui, na nimekula hawa tangu nazaliwa. Ukijua utaniambia. Sogea huku basi, upande huu haujageuzwa."

Robi akasogea. Mara akamsikia Hasna nyuma yake akivuta wimbo, chini chini, noti zimepinda.

Jioni baba na mwana walirudi nyumbani pamoja wakinuka samaki. Njiani Mzee Mwikwabe alitembea taratibu ili Robi asiachwe nyuma.

"Mimi sikusoma sana," alisema, "lakini nikizibaga mtumbwi, mwenye nao akiniuliza kama hauvuji tena na mimi sijaujaribu, namwambia sijaujaribu. Nikimwambia hauvuji ili anione fundi, anaingia ziwani na watoto wa watu. Wewe una kichwa cha kujua mambo mengi, na mama yako alikipenda. Kijaze tu. Ila mtu akikuuliza, mwambie unachokijua, na mahali ujuzi wako ulipoishia mwambie umeishia hapo. Wale wanaotusemea redioni wangefanya hivyo, pengine leo tungekuwa na vichanja."

Akatembea kidogo, akasimama.

"Na mimi nilinyamaza sana nyumbani. Leo tukifika, nitazima redio, halafu wewe uniambie ulisoma nini wiki hii. Nisipoelewa, nitasema sielewi."