Salamu za Mzee Mageni

Msimu wa pamba ulipoanza, Mbuke hakutulia tena. Kila lori liliponguruma, mchi wake ulisimama hewani. Alikuwa akimhesabia hatua binti yake, Eufrasia. Sasa yuko kisimani. Sasa yuko madukani. Sasa amefika shule.

Mji wa Mhunze ulikuwa na barabara moja. Watu, ng'ombe, baiskeli na malori walipita humo humo. Zamani upande wa kulia, ukienda shule, palikuwa na kijia. Lakini mzee Mageni, baba mkwe wa Mbuke, alipanda ua wa minyaa mpaka ukingoni mwa barabara.

Asubuhi moja Mbuke alimsindikiza Eufrasia. Walitembea kushoto, na malori yalikuja nyuma yao. Wakakutana na mzee Mageni, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Mama na binti wakapiga magoti pale pale barabarani, kama desturi inavyotaka.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," aliitikia mzee, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mmeamkaje nyumbani? Na yule ndama mwekundu?"

Honi ililia. Mbuke alimvuta mtoto, akamsukuma mzee, wote wakaanguka mtaroni. Lori likapita, likaenda kusimama mbali. Kibao cha kuandikia cha Eufrasia kilibaki barabarani, kimevunjika.

"Basi," alisema Mbuke. "Shule imekwisha. Atakaa nyumbani."

Eufrasia alienda kuokota vipande vya kibao chake.

Kalisti, nyapara wa vibarua wa barabara, alikuja mbio. Zamani alikuwa taniboi, msaidizi wa madereva wa malori.

"Shikamoo, mzee. Mmeumia?"

"Marahaba. Hatujaumia. Dereva huyu ni kichaa."

"Nitamsema. Lakini hesabu na mimi." Kalisti alitembea kutoka pale kibao kilipovunjikia mpaka penye lori. "Hatua arobaini na tano. Breki alikanyaga alipowaona. Lori lenye pamba si fahali wa kushikwa pembe."

"Fahali mwenyewe hashikiki," alisema Mageni.

"Basi tembeeni kulia, mlione lori likija mbele yenu. Likikaribia, tokeni barabarani kabisa. Na salamu ziwe pembeni."

"Nimpite mkwe wangu bila kupiga goti?" Mbuke aliuliza. "Watasema sikufundwa."

"Piga goti, mama Eufrasia. Ila si barabarani."

"Pembeni wapi?" aliuliza Mageni. "Kulia hapapitiki."

Kalisti alikohoa. "Ni minyaa yako, mzee."

Mageni alikunja uso. "Ua huo unazuia fisi."

"Usogeze ndani hatua tatu tu. Fisi hatajua."

Mzee alitaka kujibu. Kisha akamwona mjukuu wake. Eufrasia alikuwa ameketi, akijaribu kuunganisha vipande vya kibao juu ya goti.

"Leteni mapanga," alisema Mageni.

Majirani na vibarua walifanya kazi siku tatu. Kijia kikafunguka, kutoka kisimani mpaka shuleni. Mbuke bado alikuwa na wasiwasi, akamsindikiza Eufrasia tena. Njiani wakamwona mzee Mageni akija. Mbuke akaingia barabarani kumlaki, magoti yakaanza kukunjika kwa mazoea.

Mzee alinyoosha fimbo. "Huku, mayu. Huku ndani."

Wakapiga magoti kijiani. Lori likapita, vumbi likawafunika. Hakuna aliyeinuka.

"Na yule ndama mwekundu?" aliuliza Mageni.

"Ananyonya vizuri, baba."

Eufrasia akaenda shule peke yake kwa kijia, kibao kipya kwapani. Mbuke akarudi kwenye kinu chake. Lori jingine likanguruma barabarani. Mchi uliendelea kushuka.