Rhobi Aliyeandikwa Mara Mbili

Kila siku ya shule Huruma aliamka mapema, akafagia uwanja, akawasha moto na kubandika uji. Uji ulipoanza kuchemka, dada yake Rhobi alikuwa amekwisha kupiga pasi sare ya chuo na kufunga viatu. Walikunywa uji wakiwa wamesimama, kisha wakatoka pamoja. Waliishi Nkende, mjini Tarime, na njia yao ilikuwa moja mpaka kwenye geti la chuo cha ufundi. Hapo Rhobi aliingia, na Huruma akaendelea mpaka shule ya msingi, alikokuwa darasa la sita.

Rhobi alitaka kuwa fundi wa kuchomelea. Wazo hilo alilitoa Itiryo, kijijini kwao. Kila msimu wa kulima plau zilivunjika, na wenye plau walilazimika kuzifunga kwenye pikipiki na kuzipeleka mjini. Ng'ombe walikaa bure siku tatu, mvua ikinyesha. "Mtu akiwa na mashine ya kuchomelea kule kijijini, hatakosa kazi hata siku moja," Rhobi alisema. Alipomaliza kidato cha nne alijaza fomu ya chuo, akachagua uchomeleaji, na akapata barua ya kupokelewa.

Lakini siku ya kwanza mkuu wa chuo, Mwalimu Konstantino, alimwambia, "Binti, huko karakana kumejaa. Kaa kwanza na wenzako kwenye ushonaji, nitakuita." Miezi saba ilipita bila kuitwa, na kila alipoomba ovaroli aliambiwa hakuna inayomtosha.

Huruma alizoea kumuuliza jioni, "Leo mmechomelea nini?"

"Tumechomelea kola za mashati," Rhobi alimjibu, na hakuwa anacheka.

Ijumaa moja, timu ya netiboli ya shule, Huruma akiwemo, ilikuwa mazoezini. Mwalimu Konstantino aliingia uwanjani akiwa amevaa shati jeupe lililonyooka. Wasichana waliacha mpira wakamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mrefu hapa?"

"Mrefu ni Huruma," alisema Luciana, rafiki yake Huruma, ambaye hakuchelewa kujibu jambo lolote. "Sisi wengine tunasimama kwa vidole, Mwalimu."

Mwalimu Konstantino alicheka. Alisema kesho yake, Jumamosi, chuo kingepokea mgeni kutoka mkoani. Alihitaji wasichana kumi na wawili wa kupendezesha karakana. Wangevaa ovaroli, wangesimama kwenye mashine, kisha wangepewa soda na sambusa. "Nyumbani msiseme," aliongeza. "Ni jambo dogo tu, na wazazi wakilisikia watalikuza."

Huruma hakusema. Hata bila kukatazwa asingesema, kwa sababu alikuwa msichana wa aibu. Darasani alijua majibu mengi, lakini mkono wake ulikuwa mzito kuuinua.

Asubuhi ya Jumamosi wasichana wote kumi na wawili walifika. Waliingizwa karakana kwa mlango wa nyuma, mbali na chumba cha ushonaji, ambako wanachuo nao walikuwa wameitwa kwa ajili ya mgeni. Ovaroli zilikuwa kubwa, ikabidi zikunjwe mikono na miguu. Kisha Mwalimu Konstantino aligawa vikaratasi vyenye majina.

"Hilo ndilo jina lako leo. Ukisikia likiitwa, sema nipo. Maswali nitajibu mimi."

Luciana alisoma chake. "Mimi nimekuwa Pendo Wambura, nina miaka ishirini," alisema. "Jamani, nimezeeka na sijaolewa."

Wenzake waliziba midomo wakicheka. Huruma alifungua kikaratasi chake, na kicheko kikamkauka. Kiliandikwa: Rhobi Mwikwabe, kijiji cha Itiryo. Chini yake palikuwa na tarehe ya kuzaliwa, na ilikuwa tarehe ya dada yake.

Alimsogelea mkuu wa chuo akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, huyu ni dada yangu."

Mwalimu Konstantino alikitazama kikaratasi, kisha akamtazama yeye. "Basi vizuri," alisema. "Hutalisahau jina."

"Lakini yeye yuko kwenye ushonaji."

"Huko pia ameandikwa. Kuna ubaya gani? Nenda kasimame pale kwenye grenda, na usiiguse."

Huruma alikwenda kusimama kando ya ile mashine ya kukatia chuma, uso ukimchoma. Sasa alielewa. Wasichana wa ushonaji ndio hao hao walioandikwa kuwa wasichana wa uchomeleaji. Kila mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kukaa vyumba viwili kwa wakati mmoja, yeye na wenzake wa netiboli waliazimwa ili waziwekee miili zile karatasi.

Saa nne mgeni aliingia. Alikuwa Bi. Veneranda, mama mfupi mwenye viatu vya bapa na daftari kubwa. Alikuwa ametoka kwenye ushonaji. Mwalimu Konstantino alimpeleka kwanza kwenye ubao uliochorwa mstari mwekundu.

"Mwaka juzi tulikuwa na wasichana wanane chuo kizima," alisema. "Mwaka jana kumi na watano. Mwaka huu ishirini na wanne, na nusu yao wako kwenye uchomeleaji. Unaona mstari unavyopanda."

"Nauona," alisema Bi. Veneranda. "Sasa nataka kuwaona wenyewe." Alifungua daftari akaanza kuita majina.

"Pendo Wambura."

"Nipo," alisema Luciana, kwa sauti nene ya kujilazimisha.

Majina mengine yalifuata, na kila jina lilipata mtu wa kuliitikia.

"Rhobi Mwikwabe."

Mgeni aliinua macho kutoka kwenye daftari. Mwalimu Konstantino alikohoa. "Huyu ana aibu, Mheshimiwa," alisema. "Sema nipo, binti."

Huruma alitazama sakafu. Akisema nipo, kwenye karatasi Rhobi angekuwa tayari ni mwanafunzi wa kuchomelea, na hakuna mtu angeuliza tena kwa nini anashona kola. Akikataa, huenda Rhobi angefukuzwa chuo na kurudi nyumbani mikono mitupu. Aliogopa. Lakini maneno yale, hutalisahau jina, yalikuwa bado yanamuunguza. Mtu mzima alikuwa amechukua jina la dada yake, akampa yeye alivae kama ovaroli, na hakuona haya hata kidogo.

"Hayupo," alisema.

"Nani hayupo?" aliuliza Bi. Veneranda.

"Rhobi hayupo hapa. Yuko kule anashona. Mimi ni mdogo wake, naitwa Huruma. Niko darasa la sita."

Bi. Veneranda alirudisha kurasa za daftari nyuma, akaweka kidole. "Rhobi Mwikwabe nimemwekea alama kule ushonaji, si muda mrefu."

"Mheshimiwa, huku kwetu akina Rhobi ni wengi," alisema Mwalimu Konstantino akicheka. "Ukirusha jiwe sokoni, linampata Rhobi."

"Na wote baba yao ni Mwikwabe? Na wote wamezaliwa Itiryo siku moja?"

Mwalimu Konstantino aliacha kucheka. Bi. Veneranda alimgeukia Luciana. "Na wewe Pendo, una miaka mingapi?"

Luciana alimtazama Huruma, kisha akatazama miguu yake. "Hapa nina ishirini," alisema. "Nyumbani nina kumi na tatu."

Bi. Veneranda hakucheka. Aliagiza wasichana wote wa ushonaji waitwe. Walikuja kwa mstari, Rhobi akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Alipomwona mdogo wake amesimama kwenye grenda, alisimama ghafla.

"Huruma, umefuata nini humu?"

"Nimepewa jina lako," Huruma alijibu, na machozi yakaanza kumtoka.

Rhobi alichukua kile kikaratasi akakisoma. Alipoinua uso, alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ovaroli hii nimeiomba miezi saba. Uliniambia hakuna inayonitosha. Leo imemtosha mtoto wa darasa la sita?"

"Binti, nafasi yako si imeandikwa?" alisema Mwalimu Konstantino. "Jina lako liko kwenye uchomeleaji kama ulivyotaka. Tulikuwa tunatafuta mashine. Tukionyesha wasichana wengi, tunaletewa mashine, na ninyi ndio mtafaidi."

"Hata hii moja iliyopo sijawahi kuishika," alisema Rhobi.

Bi. Veneranda alifunga daftari kwa nguvu. "Mwalimu, unajua namba hii inakwenda wapi?" aliuliza. "Inatoka hapa inakwenda mkoani, inatoka mkoani inakwenda wizarani. Kule inajumlishwa na za vyuo vingine nchi nzima. Mtu atasoma kwamba Tarime wasichana kumi na wawili wanajifunza kuchomelea, atafurahi, ataendelea na mambo mengine. Hatauliza kwa nini hawapo, kwa sababu wewe umemwambia wapo. Na binti atakayekuja mwakani utamwambia tena kumejaa. Kumejaa nani? Kumejaa majina."

Alifungua tena daftari, akakata kumi na mbili ya uchomeleaji kwa mistari miwili, akaandika sifuri. Kisha akawauliza wasichana wa ushonaji nani kati yao alijaza fomu ya uchomeleaji. Mikono mitano iliinuka, wa Rhobi ukiwa wa kwanza. Aliandika majina yao matano na kusema wataanza karakana Jumatatu. Alimwambia Mwalimu Konstantino aandike barua ya kujieleza, na kwamba maombi ya mashine mpya yatasubiri mpaka hesabu zote za chuo zikaguliwe upya. "Nitarudi," alisema, "na sitapiga simu kwanza."

Habari zilitembea haraka kuliko Huruma. Alipopita kwenye maduka akirudi nyumbani, kijana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi alisema kwa sauti, "Huyo ndiye aliyetunyima mashine. Mrefu, akili fupi." Wenzake wakacheka. Huruma aliinamisha kichwa akaongeza mwendo.

Nyumbani baba yake, Mzee Mwikwabe, alikuwa amekaa kizingitini na simu mkononi.

"Mwalimu Konstantino amenipigia," alisema. "Anasema umemdhalilisha mbele ya mgeni. Mtoto wangu, tumekufundisha kumwaibisha mtu mzima?"

"Baba, aliniambia niseme mimi ni Rhobi."

"Ungesema. Ni hesabu tu ya karatasi. Ingemuumiza nani?"

Mama alikuwa anachambua mchele, Rhobi naye alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka chuoni. Aliweka ungo chini. "Baba Rhobi," alisema, "waambie watoto habari za wale ng'ombe sita."

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Wasimulie, au niwasimulie mimi."

Mzee Mwikwabe aliigeuzageuza simu mkononi, kwa hiyo Mama akasimulia mwenyewe. "Baba yenu aliponiposa, mahari ilikuwa ng'ombe kumi na wanane. Kaka yangu Heche na wazee wetu walikwenda Itiryo kuwaona. Wakawakuta kumi na wanane zizini, wamenona. Wakakubali niolewe kwa ng'ombe kumi na wawili kwanza, na wale sita wafuate baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Heche akaja kuwachukua. Hakuna ng'ombe. Walikuwa wa jirani, waliazimwa siku ile moja ya kuhesabiwa."

Huruma na Rhobi walimtazama baba yao. Hakuwatazama.

"Wale ng'ombe ndio Heche alitaka kuoa nao," Mama aliendelea. "Alikuwa na mchumba wake katika kijiji cha Kisaka. Binti wa watu alisubiri mwaka, akasubiri wa pili, wa tatu wazazi wake wakampa mtu mwingine. Na baba yenu siku ile alisema hivi hivi. Ni hesabu tu, itamuumiza nani?"

Kuku mmoja aliusogelea ungo, na Mama akamfukuza.

"Heche mpaka leo hanisalimii kwa moyo," Mzee Mwikwabe alisema hatimaye. "Nikimwona kwenye misiba anaangalia pembeni. Ana haki." Alimwita Huruma akae karibu naye. "Mwanangu, ningewaambia wale wazee ninao kumi na wawili, wangekasirika siku hiyo moja. Labda wangeninyima mama yako, labda wangenipa muda nitafute. Lakini Heche angejua mapema kwamba hakuna, naye angejipangia maisha yake. Nilimfanya asubiri kitu ambacho hakikuwepo. Ukiona hesabu ya uongo, usiangalie karatasi. Mtafute mtu anayeisubiri. Leo alikuwa dada yako, na wewe ulimwona. Mimi sikumwona Heche."

Alichukua simu akabonyeza namba. Wote walisikia sauti ya Mwalimu Konstantino ikianza kueleza upande wa pili.

"Hapana, Mwalimu," Mzee Mwikwabe alisema. "Sikupigii kuomba radhi. Binti yangu hana kosa. Nakupigia kukuambia kwamba Jumatatu nitamleta Rhobi mwenyewe. Nitasimama mlangoni mwa karakana mpaka nimwone ameshika mashine. Halafu nitakwenda kwa shemeji yangu Heche, maana na mimi nina deni la miaka mingi la kusema ukweli."