Kilichobonyeza Bila Rimoti

Kwanza ilikuwa sauti tu. Televisheni ya sebuleni ilikuwa inasema taratibu, rimoti iko juu ya meza na hakuna mtu karibu nayo, mara tarakimu za kijani zikatokea chini ya kioo na sauti ikaanza kupanda, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyejikalia zake kwenye kochi akibonyeza bila haraka yoyote. Mtoto akazinduka kwa kilio. Mama yake, muuguzi aliyetoka zamu asubuhi ile na aliyekuwa akitafuta angalau saa mbili za usingizi, alitoka chumbani akiwa na uso wa kugombana, akachomoa waya ukutani, akarudi kulala. Wiki ile aliuchomoa mara kumi na moja.

Mumewe alikuwa mwashi, mtu mwenye mikono mipana na mdomo usiokauka utani.

"Mwache jamani, amechoka kuamrishwa," alisema huku akiipigapiga televisheni mgongoni. "Siku hizi anajiamulia mwenyewe."

Mama yake mwashi hakucheka. Alikuwa amekuja kumlea mjukuu, mtoto wa miezi minane ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila mto mgongoni, na kwa kuwa alishinda sebuleni kutwa nzima, alikuwa amesikia ambayo wenzake hawakusikia.

"Kuna mtu anahema kwenye kile kiti cha dirishani," alimwambia mkwewe, sauti chini. "Na ananuka nywele zilizoungua. Lakini hana neno na sisi, mwanangu. Anacheza tu. Mwache acheze."

"Mama, mimi sijalala siku ya nne leo," muuguzi akajibu. "Juzi nusura nimpe mgonjwa dawa ya mwenzake. Acheze kwao."

Kwa hiyo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akaja Fundi Miwani. Miwani yenyewe ilikuwa imefungwa uzi kwenye bawaba, lakini mtaani hakuna aliyethubutu kumcheka, maana fundi huyu hakuwa wa kufungua kifaa kabla hajajua kinaumwa nini. Alikaa mkekani dakika tano nzima akiitazama tu televisheni. Kisha akaomba rimoti zote nne: ya televisheni, ya king'amuzi, ya feni na ya redio.

"Njoo uone, dada," alisema. Akawasha kamera ya simu yake, akaielekezea rimoti, akabonyeza. Kwa macho hapakuwa na kitu. Kwenye kioo cha simu, ile taa ndogo iliyo kwenye pua ya rimoti ikamemetuka rangi ya zambarau. "Huu mwanga sisi hatuuoni, kamera inauona. Unatoka hapa, unaingia pale chini, kwenye kile kidoa cheusi. Ile ndiyo sensa. Sasa sensa haina akili. Jua likiipiga, taa mbovu ikiichezea, inadhani imeamrishwa."

Muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mtoto aliyempakata akanyoosha mkono kuidaka simu.

Fundi alifanya kazi yake kwa mpango. Alivuta mapazia ili jua lisiingie. Alizima taa, moja moja, akisubiri kati ya moja na nyingine. Aliteremsha picha ya harusi ukutani, maana kioo cha picha nacho huakisi. Mwishoni akatoa betri za rimoti zote, akazitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Sebule ikabaki na mwanga hafifu wa mchana unaopenya kwenye kitambaa cha pazia.

Sauti ya televisheni ikapanda.

Fundi akainua simu na kuzungusha kamera polepole chumba kizima, kabatini, mlangoni, kwenye kochi, hadi dirishani. Pale ikasimama. Juu ya kile kiti, usawa wa uso wa mtu aliyekaa, palikuwa na nukta ya zambarau inayomemetuka, na kila ilipomemetuka, tarakimu moja iliongezeka. Akashusha simu akatazama kwa macho yake. Kiti kitupu. Akakisogeza kiti kwa mguu hadi pembeni, akainua simu tena, na nukta ilikuwa palepale ilipokuwa, inaelea hewani.

Mtu mwingine angekusanya bisibisi zake akaaga. Fundi Miwani alikuwa na ubishi wa ufundi, ubishi ambao umempa sifa na, kwa kusema kweli, ndio ulioleta haya yote. Utaratibu wake ulikuwa huu: ukikosa kuziba kinachotuma, ziba kinachopokea. Akatoa utepe mweusi wa umeme, akakata vipande vinne.

"Fundi, usimnyang'anye," mama mkwe akasema, akisimama. "Huyo akikosa cha kuchezea atatafuta kingine. Nakuomba, baba."

Fundi akamgeukia mama wa mtoto.

"Ziba," muuguzi akasema. "Ziba zote."

Akaziba sensa ya televisheni. Akaziba ya king'amuzi, akapanda juu ya stuli akaziba ya feni, akaziba ya redio, kisha akaishusha sauti ya televisheni hadi sifuri kwa kitufe cha pembeni. Kimya kikaingia, kimya cha kweli, na muuguzi akafumba macho akasikia raha hadi akatamani kulia.

Harufu ikaja baadaye kidogo. Nywele zilizoungua, nzito, kana kwamba mtu ameweka kichwa kizima kwenye mkaa.

"Sasa hivi fundi atatuambia hata sisi tunahitaji—" mwashi alikuwa anasema, amesimama mlangoni na tabasamu lake la utani, na sauti yake ikakatika hapo. Midomo iliendelea. Alikuwa anaongea, meno yanaonekana, koo linapanda na kushuka, lakini hakikutoka kitu. Halafu sauti ikarudi, ndogo, ikaanza kupanda ngazi kwa ngazi, neno lilelile, "hata, hata, hata," hadi likawa ukelele ambao koo la mtu halikuumbiwa, na damu nyembamba ikamtoka puani.

Fundi, kwa mazoea tu, akainua simu. Nukta ilikuwa mbele ya uso wa mwashi, umbali wa kiganja.

"Shemeji," akanong'ona. "Shemeji, usimwangalie."

Mwashi alipiga hatua tatu, akamshika fundi shingoni kwa mkono mmoja uliozoea kubeba matofali, akamtupa ukutani, miwani ikapasukia usoni na mkono aliojikingia ukavunjika mara moja, kwa sauti kavu ambayo kila mtu mle ndani aliisikia. Kisha mwashi akasimama, akarudi nyuma hatua zilezile tatu, kinyumenyume, akanyooka mlangoni kama mwanzo, halafu akafanya tena, hatua ileile, mkono uleule, ukuta uleule, akarudi, akafanya tena, na mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni huku uso wake hauna hata kunjo, na hapo mkewe akajua kwamba mumewe yumo mle ndani, anaona kila kitu.

"Mtoto!" mama mkwe akapiga kelele. "Mfiche mtoto!"

Kichwa cha mwashi kikageuka kwa kelele ile. Muuguzi akamsukumia mtoto nyuma ya kochi, na mama mkwe akavuta kitambaa cha meza, vikombe vikaruka, akamrushia mwanawe kichwani. Mwashi akaanguka papo hapo, chini puu, kama gunia la saruji lililokatwa kamba. Kwa pumzi mbili alilala pale akikoroma. Kisha kitambaa kikateleza, macho yake yakatokea, akainuka, akampiga mama yake mzazi teke la mbavu lililomwinua sakafuni.

"Macho!" fundi akalia kutoka pembeni, mdomo umejaa damu. "Inaingilia machoni! Mzibe macho!"

Lakini muuguzi kwanza alijaribu kurudisha alichonyang'anya, na nani angemlaumu, huyu alikuwa mumewe. Alijivuta kwa magoti hadi kwenye televisheni, akabandua utepe kwa kucha. "Chukua! Hii hapa, cheza! Pandisha unavyotaka, sitachomoa tena, cheza!" Televisheni ilibaki kimya. Aliyekuwa akiichezea alikuwa amepata kitu kinacholia, kinachotoka damu, kinachoogopa, na hakuwa na haja tena na tarakimu za kijani.

Mwashi alimdaka nywele, akamburuta juu ya vigae vya vikombe vilivyovunjika, akamweka mikono miwili kooni na kuanza kukaza kidogo kidogo, akaze, asimame, akaze, asimame, kama anayejaribu kujua mwisho wake uko wapi; na muuguzi, ambaye masikio yalikuwa yanavuma na mwanga unamfifia, hakupigana na ile mikono, alijua haiwezi, bali aliuokota utepe uliokuwa umebingirika sakafuni, akaupachika kwenye jicho la kulia la mumewe, akauzungusha kisogoni, akaurudisha kwenye la kushoto, akazungusha tena, na tena, mpaka vidole vyake vikakosa nguvu na ile mikono ya kooni ikaachia.

Mwashi akamwangukia kifuani.

"Nilikuwa naona," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Nilikuwa naona, mke wangu. Haikuwa mikono yangu."

"Najua. Tulia. Usitoe utepe."

Wakahema. Mama mkwe alikuwa anakohoa mlangoni. Ndipo muuguzi alipotambua kwamba mtoto halii. Katika vurugu yote ile, mtoto wa miezi minane, na halii.

Simu ya fundi ilikuwa imeanguka kifudifudi, kamera yake juu. Fundi akainyanyua kwa mkono uliobaki, kioo kimepasuka lakini kinawaka, akaielekeza nyuma ya kochi, na uso wake ukasinyaa.

Mtoto alikuwa amekaa wima, mgongo umenyooka, bila mto. Mkono wake mdogo ulipanda. Ukashuka. Ukapanda, ukashuka, sawasawa. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, ulimi unatetemeka, analia bila sauti. Kisha kichwa kikaanza kugeuka kushoto, kidogo, kikasimama, kidogo tena, kikasimama, kidevu kikafika begani na bado kinageuka.

Muuguzi alijirusha kifudifudi, akayafunika macho ya mwanawe kwa kiganja, akauweka uso wake pale ulipokuwa wa mtoto, na kuiangalia hewa tupu iliyokuwa mbele yake. Kichwa cha mtoto kikarudi. Sauti ya kilio ikarudi, kali, nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kusikia.

"Huyu hajui hata kusimama," alisema, harufu ya nywele ikimkaba. "Utamfanyisha nini? Utamvunja, na kesho huna kitu. Mimi najua kazi nyingi. Mikono yangu inajua kushona jeraha, inajua kuchoma sindano, inajua kupika. Naweza kukesha. Cheza na mimi." Kisha, bila kugeuka: "Mama, mchukue mtoto. Mfunike macho. Tokeni wote, na msinirudie."

Walitoka wakishikana, bibi na mbavu zake akimkumbatia mjukuu ndani ya kitambaa cha meza, fundi na mkono wake, na mwashi akiongozwa kama kipofu, akimwita mkewe hadi barabarani. Nyuma yao waliisikia sauti ya muuguzi ikikatika katikati ya neno, kisha ikianza kupanda.

Mganga aliletwa kesho yake. Aliingia kwa ujasiri na mkoba wake, watu wakamsikia akisoma, wakamsikia akiacha. Alitoka ameishikilia taya yake kwa mikono miwili, na hakupata kueleza kitu, kwa sababu taya haikuwa imeshikana tena na kichwa.

Siku ya nne mwashi alikwenda mwenyewe, adhuhuri, akasimama nje kwenye nondo za dirisha na kitambaa mkononi cha kujifunika macho akihitaji. Mkewe alikuwa ndani, kwenye kiti. Alikuwa anajigonga paji la uso ukutani, akirudi, akijigonga, mahali palepale, na ukuta ulikuwa na doa lililokwisha kukauka na kulowa upya. Halafu akaachiwa. Ilikuwa inamwachia hivyo, dakika moja moja, labda ili apumzike asiharibike mapema.

"Mke wangu," mwashi akanong'ona. "Hapa. Ni mimi."

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kwa shangazi yake. Mbali."

"Analala?"

"Analala. Mke wangu, utepe unao humo ndani. Jizibe. Nilivyofanywa mimi, iliniacha papo hapo. Jizibe, nitavunja mlango nikutoe."

"Na mimi ikiniacha, itakwenda kwa nani?"

Mwashi akaishika nondo kwa nguvu.

"Ndiyo hivyo," mkewe akasema. "Usingizi ndio unaniogopesha, baba mtoto. Hayo mengine nayaweza. Nikisinzia tu, naisikia inanyanyuka, inaelekea mlangoni. Jana ilifika kwenye kizingiti."

Akamgeukia mumewe, ili amwone vizuri. Utepe alikuwa ameshautumia. Alikuwa amezivuta kope zake za juu, zote mbili, na kuzibandika kwenye nyusi, zisije zikafumba.