Baba wa Ubatizo wa Chini ya Sakafu

Sauti ilijibu kabla Nshan hajajibu.

Padri Husik alikuwa ameuliza swali la ubatizo: "Mtoto huyu anaomba nini?" Kwetu anayejibu ni baba wa ubatizo, hakuna mwingine, na ndiye humkabidhi mama mtoto wake baadaye. Lakini Nshan, huku amembeba mtoto wa dada yake Takuhi, alikuwa bado anamtania shemeji yake kwa kitambi chake. Ndipo sakafu ikasema, kwa lafudhi ya Kigiriki, "Imani, tumaini, upendo na ubatizo." Harufu ya tope ikapanda.

Tukacheka. Wajinga sisi! Kanisa letu hapa Istanbul limekalia monasteri ya Wabizanti, Wagiriki wa zamani. Walipoondoka tulijenga juu ya kuta zao, tukafunika kisima chao kwa mawe, tukajisifu kwamba mahali ni petu.

Tangu siku ile Nvart, kile kichanga, hakunyonya. Alilala kimya, shingo imegeukia chini, ananuka tope.

"Padri, mwanangu ananifia," Takuhi alinong'ona.

"Si wako bado, binti yangu. Aliyejibu ndiye baba yake wa ubatizo, na hajakukabidhi."

"Si Nshan alinikabidhi?"

"Nshan alikuwa anacheka."

"Dada, nisamehe..." Nshan alianza.

"Nyamaza, mropokaji wee!" Takuhi alimkatiza.

Mchana wa Jumamosi tuliinua mawe ya kisima. Takuhi alishuka peke yake na mtoto, akamlaza kando ya maji, akapiga magoti kama mama yeyote anayesubiri kukabidhiwa, na giza likamchukua mtoto bila hata maji kutikisika, akangoja katika harufu ya tope, hadi mkono mweupe uliolowa, mrefu kuliko wa binadamu, ukamnyooshea kichanga, naye akaubusu, kwa kuwa desturi ni kuubusu, na ulikuwa laini kama nyama iliyochemka kupita kiasi.

Alipanda analia kwa furaha. Nvart alinyonya, akalia, akanyonya tena. Tulirudisha mawe, tukamwaga zege juu yake, na Nshan akatununulia konyagi.

Jumapili, katikati ya misa, kichanga kililia chini ya sakafu. Padri alipaza sauti, nasi tukaimba kwa nguvu zaidi, Mungu atusamehe. Mtoto aliyepakatwa na Takuhi alikuwa amelala fofofo, ameshiba. Kule chini kilio kikazidi, na maziwa ya Takuhi yakaanza kutoka yenyewe, yakamlowesha gauni lote.