Maji Niliyoyameza Pangoni

"Huyo hapandi gari hili," nikamwambia Nzioka dereva.

"Madam, ameshalipa. Yeye na mama yake. Viti viwili."

"Basi mrudishie pesa zake."

"Nimrudishie kwa sababu gani? Gari iko tayari, watu wamekaa. Wewe panda tu twende."

Ilikuwa Jumamosi ya Februari 1996, asubuhi, Voi mjini. Mimi Loise, mwongoza watalii, nilikuwa nimesimama mlangoni pa Nissan ya kampuni na tabasamu langu la kazi. Lile tabasamu likanianguka pale pale. Fuad! Fuad wa Kaloleni, wa duka la vitambaa, anakuja na shati jeupe lililopigwa pasi, amemshika mkono mama mmoja mnene wa buibui.

Agosti iliyopita huyu bwana alikuwa alete wazee wake kwetu Mwatate wanipose. Mama alipika. Baba alivaa koti lake la kanisani. Majirani walikuja na viti vyao kabisa. Tukangoja mpaka kuku wakaenda kulala, na hakuna aliyepiga hodi. Siku chache baadaye akanipigia simu ofisini kutoka kibanda cha simu.

"Loise, wazee walipata dharura."

"Dharura gani?"

Nikamsikia anapumua. Kisha shilingi zikamwishia, simu ikakatika, na tangu hapo sikusikia neno lake tena. Leo amekuja nimtembeze! Jamani, kuna watu wana uso mkavu.

"Shikamoo mama," nikasema, maana mama wa watu hakunikosea kitu.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kutuongoza? Mashallah! Mimi Bi Zaitun, na huyu mwanangu Fuad. Leo ananipeleka Chala. Marehemu babake alikuwa akiuza nguo Taveta, kila akirudi ni Chala, Chala, Chala, mpaka ziwa lenyewe nikalionea wivu kama mke mwenza."

Fuad akawa anatazama viatu vyake.

Kituo cha kwanza kilikuwa hapo hapo mjini, kwenye hekalu la Wahindi karibu na reli. Wageni wengine, mwalimu Alice wa kutoka Nairobi na Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, wakavua viatu wakaingia wakishangaa maua na kengele za shaba. Bi Zaitun hakushuka garini.

"Nimelipita hekalu hili tangu niolewe," akasema. "Mimi kwenye masanamu siingii."

Fuad akanifuata ukutani kwenye viatu.

"Loise."

"Hekalu lipo ndani. Huku nje kuna viatu tu."

"Nisikilize kidogo. Nataka mama akuone wewe, akujue kwanza, kabla hajaambiwa ni wewe."

"Kwani hajui?"

"Anajua kulikuwa na msichana wa Mwatate. Jina hakuniuliza."

"Na wazee walipata dharura gani?"

"Walikuwa wameshavaa kanzu. Mama akasikia kwamba ukoo wenu una pango la vichwa vya watu, na kwamba wewe ndiye unawapeleka watu huko. Akasimama mlangoni. Akasema mwanawe haendi kuoa kwa watu wanaoabudu mafuvu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

Afadhali angeniambia alivunjika mguu. Mamake simlaumu, hakunijua. Lakini huyu ananijua mpaka ninavyopenda chai yangu, na alinyamaza. Nilihisi kifua kinawaka.

"Leo utamwambia," nikasema. "Tukifika Chala hujamwambia, utashuka, na mimi usinijue tena, hata tukikutana sokoni."

"Nitamwambia."

"Tutaona."

Tukatoka Voi, tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha Nzioka akaanza kuipandisha gari milimani, kona juu ya kona. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Maji yalikuwa yanateremka kwenye miamba kila upande, na hewa ikawa baridi mpaka Bi Zaitun akajifunga leso ya pili. Kila kona alisema "Subhanallah," na kila kona akanishika bega.

"Mwanangu, na hapa wanaishi watu? Wanalala vipi bila kuanguka?"

"Tumezoea mama. Sisi tukiteremka Voi ndio tunaona tumeanguka."

Akacheka mpaka machozi. Nikaogopa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumpenda.

Pangoni unaingia kwa miguu. Kuna kijia chembamba kwenye msitu ambao wazee hawakuruhusu ukatwe hata kijiti, kisha mwamba mkubwa ulioinama. Nilipowaambia tunakwenda kuona nini, nilimtazama Bi Zaitun, nikajua atabaki garini kama kule hekaluni. Akabaki kweli kwa muda. Halafu nikamsikia nyuma yangu anahema.

"Nimeona ajabu za Mungu njia nzima," akasema. "Nisije nikaambiwa nilifika mlangoni nikarudi. Nishike mkono."

Nikamshika mkono. Fuad akatufuata.

Mimi mahali pale nimefika mara nyingi, na bado nywele hunisimama. Yamepangwa safu kwa safu chini ya mwamba, mafuvu ya wazee wa ukoo wetu, meupe na ya kijani kwa ukungu wa mawe, yote yametazama bonde. Hakuna ndege anayelia karibu. Unasikia tone la maji likianguka, na pumzi yako mwenyewe. Yule Mzungu mwanamume akavua kofia bila kuambiwa.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akanong'ona Bi Zaitun.

"Zamani," nikaanza, kwa sauti ya chini, "mzee akifa alizikwa. Baada ya muda kichwa chake kiliondolewa kwa heshima kikaletwa hapa, akae na wenzake. Wakati wa ukame au ugonjwa, watu walikuja kuzungumza nao. Na kulikuwa na kutasa."

"Kutasa ni nini?" akauliza Alice.

"Babu zetu waliamini hasira ya moyoni ni ugonjwa. Ukikaa nayo inaumiza watoto, mifugo, hata mvua. Kwa hivyo mtu alichukua maji au pombe ya miwa mdomoni, akayapuliza nje, na akasema maneno ya heri. Hasira ikatoka na maji. Nyanya yangu alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na bado alikuwa akitasa."

"Aki hiyo ni poa! Hebu tuonyeshe, nikupige picha."

Nzioka, ambaye siku zote ana haraka ya kusaidia, akanipa chupa ya maji. Sikufikiria. Nikajaza mdomo, nikasimama mbele ya wazee wangu, watu wote wakinitazama.

Nikashindwa. Nyanya alinifundisha nikiwa mdogo kwamba mtu akitasa huku hasira ameibakiza, amewadanganya walio hai na waliokufa. Na mimi kifua kilikuwa kinawaka toka hekaluni. Nikayameza yale maji. Yalishuka kwa shida mpaka machozi yakanitoka.

"Mbona umemeza?" akauliza Bi Zaitun.

"Samahani mama. Siwezi kufanya maonyesho hapa. Nina hasira na mtu, na bado haijatoka."

"Na nani, mwanangu?"

Sikutaka kusema. Wallahi sikutaka. Lakini mbele ya wale wazee uongo ulinikataa.

"Na mwanamume aliyeniahidi kuja na wazee kwetu. Wazazi wangu walijiandaa, jirani wote wakajua. Hakuja, na hakusema kwa nini. Mpaka leo mama yangu akienda sokoni wanamuuliza, wageni walifika?"

Bi Zaitun akawaka.

"Mwanamume gani huyo asiye na haya! Kumwaibisha mtoto wa watu hivi? Huyo hakulelewa. Mamake yuko wapi? Ningemwona leo, ningemuuliza, bibi wee, ulimnyonyesha maziwa au maji ya mchele?"

Nzioka akageuka akatazama msitu. Mimi nilitazama chini.

"Mama," akasema Fuad.

"Nini? Ngoja nimalize."

"Mama, mwanamume huyo ni mimi."

Tone la maji likaanguka, likafuatwa na jingine.

"Loise ndiye msichana wa Mwatate," Fuad akaendelea. "Wewe ulikataa kwa sababu hukumjua. Mimi nilimjua nikanyamaza. Kosa kubwa ni langu. Nampenda, mama. Nilimpenda siku ile na leo nampenda mbele ya hawa wazee wake wote."

Bi Zaitun akauachia mkono wangu. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akayatazama mafuvu. Nikangoja matusi.

"Twendeni Chala," akasema. Akatangulia peke yake kwenye kijia.

Barabara ya Taveta ni ndefu. Bi Zaitun alikaa mbele na Nzioka na hakufungua mdomo. Tukapita Maktau, vumbi jekundu likaingia hadi masikioni. Ndovu wakavuka mbele yetu, wekundu na wao kwa udongo, na watoto wao katikati. Kisha mawingu yakafunguka na Kilimanjaro ukasimama wote na theluji yake, mkubwa mpaka Alice akashusha kamera.

"Hii haiingii kwa picha," akasema.

Fuad akaniinamia kutoka kiti cha nyuma. "Nimemwambia kabla ya Chala."

"Umemwambia. Mimi sijakwambia nimekusamehe."

"Najua."

"Basi kaa vizuri, usiniegemee."

Chala hulioni mpaka ulikanyage. Unapanda kilima cha nyasi kavu, jua linakuchoma, unaanza kudhani umedanganywa. Halafu ardhi inaisha miguuni pako, na kule chini kabisa, kati ya kuta za mawe, kuna maji ya buluu ambayo sijayaona mahali pengine. Nusu ni yetu na nusu ni ya Tanzania, lakini ukisimama pale huoni mpaka wowote. Unamwona Mungu tu, na unajiona ulivyo mdogo.

Bi Zaitun alisimama ukingoni akalia. Alilia wazi, bila kujificha.

"Alikuwa akiniambia nami nikidhani anatia chumvi," akasema. "Kumbe alipunguza." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Loise. Njoo hapa."

Nikaenda.

"Wale wa kule pangoni ni nani wako?"

"Babu wa babu zangu, mama. Wengine majina yamepotea."

"Lakini mnajua walipo." Akajipangusa macho. "Mimi babangu alikwenda Kongo na biashara, akafia huko. Kaburi lake silijui mpaka leo. Nilipoambiwa vichwa, niliogopa. Leo nimesimama pale nikawaona ni wazee wa watu."

"Na mimi ni Mkristo, mama. Naimba kwaya. Sitaki nikufiche."

"Nimekuuliza? Hayo wazee wetu na mashehe watakaa wayazungumze, nyinyi ni watu wa kitabu. Niambie kitu kimoja tu. Mamako alipika nini siku ile?"

"Wali, kimanga cha muhogo na maharagwe, na mbuzi."

"Mbuzi?"

"Baba alimwita mwalimu wa madrasa ya Mwatate aje amchinje. Alisema wageni wasije wakala kwa wasiwasi."

Bi Zaitun akavuta ushungi akajifunika uso mzima, na mabega yakawa yanamtikisika.

"Mlituchinjishia," akasema ndani ya nguo. "Na mimi nikasimama mlangoni nikawazuia. Ya Rabi nisamehe."

Nikamkumbatia. Ningefanya nini?

Jioni tulipokaribia Mwatate, Bi Zaitun akampiga Nzioka begani.

"Hapa kwao Loise ni wapi?"

"Nyuma ya soko, mama."

"Kata kona."

"Lakini mama, hawa wageni wengine wanafaa kufika hoteli."

Alice akadakia kutoka nyuma, "Wewe dereva, sisi tumelipia siku nzima! Kata kona!" Akawatafsiria wale Wazungu. Yule mama wa Kizungu akaanza kuchana nywele.

"Mama, sijawaambia nyumbani," nikasema. "Hamwezi kwenda tu hivi."

"Nikirudi Voi leo nitapata aibu, na aibu itanitafutia sababu. Nimejijua miaka mingi. Kata kona, kijana."

Mama yangu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso. Baba akasimama kwenye kiti chake na redio mkononi. Wakaiona Nissan imejaa watu wenye vumbi jekundu, na majirani wakaanza kuchungulia, kama kawaida yao.

"Hodi hodi wenyewe!" Bi Zaitun akaita kutoka langoni. Hakuingia. "Sisi ndio wageni wenu wa Agosti. Tumechelewa, na aliyewachelewesha ni mimi."

Fuad akampita, akaenda mpaka mbele ya baba.

"Mzee, mimi ndiye Fuad. Nilinyamaza siku niliyotakiwa kusema, nikawaaibisha. Nimekuja kuomba radhi, na kumwomba Loise, kama bado ananitaka."

Baba akaizima redio.

"Kama anakutaka mimi nitajuaje?" akasema. "Aliyelia si mimi."

Mama akawaangalia mmoja mmoja: Bi Zaitun langoni, Alice, Wazungu wamesimama wima kama kanisani, Nzioka ameshika kofia. Akanigeukia.

"Loise, ni wao?"

Nikamtazama Fuad. Nilikuwa tayari kumwona anainamisha kichwa, na kama angeinamisha ningewaambia warudi walikotoka. Hakuinamisha. Alinitazama usoni mbele ya Mwatate nzima, akangoja.

"Ni wao, mama," nikasema. "Teleka sufuria kubwa."