Kipimo cha Saa Nne na Robo

Shangazi yangu alipima damu kwenye zahanati ile ile miaka ishirini na miwili, na sifa alikuwa nazo. Kisha akaletwa binti mgeni, mwenye tabia ya kuandika saa kwa kalamu juu ya kila kipimo cha malaria, asije akakisoma mapema au kuchelewa. Wagonjwa wakahamia dirishani kwake. Shangazi akabakiwa na vizee viwili visivyoona vizuri.

"Vipimo vya yule binti havidanganyi," watu walisema, naye anawasikia.

Wivu, jamani, hauna dawa. Vipimo vile havitaki joto, na hilo shangazi alilijua kuliko yeyote. Basi wiki nzima, kila jioni, alilichukua kasha la vipimo la binti akalificha nyuma ya mashine ya kuchemshia mikasi, penye joto usiku kucha, asubuhi akalirudisha. Alitaka mwenzake aumbuke tu, basi.

Jumatatu akaja mwanawe na mtoto mgongoni, mwili unachemka. Mjukuu wake wa pekee. Wakalipita dirisha lake, wakaenda kwa binti.

"Hata wewe?" shangazi alinong'ona.

"Nisamehe, mama. Nataka majibu ya uhakika."

Yalimchoma maneno yale. Neno lake moja lingetosha. Akafunga mdomo kwa kijicho, akamtazama binti akiandika: saa nne na robo. Ukatokea mstari mmoja. Hana malaria, binti akasema, mpeleke nyumbani.

Alhamisi tukamzika.

Binti akafukuzwa kazi. Foleni yote ikawa ya shangazi, kama alivyotamani. Lilifunguliwa kasha jipya kutoka bohari. Akapasua pakiti ya kwanza. Kipimo kilikuwa kimeshaandikwa. Saa nne na robo. Akapasua ya pili. Saa nne na robo. Mwandiko ule ule. Ya tatu ilikuwa na tone la damu. Na mistari miwili.

Aliacha kazi siku hiyo. Kile cha tatu alikifunga kwenye kitambaa, akakiweka kabatini.

"Kiguse," aliniambia juzi, akikifungua kitambaa.

Mwaka wa nne huu. Nikaligusa lile tone kwa ncha ya kidole. Halijakauka. Na lina joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa.